Umetolewa kucha, na kazi yako ni ya kusimama

Kama wewe ni kinyozi mwenzangu, au mlinzi, muuza duka, mkaanga chipsi, yeyote anayekula kwa miguu yake, anza na siku ya kupasuliwa. Mimi nilichagua Jumatatu. Kuanzia Ijumaa jioni saluni haina pa kukanyaga, mwisho wa mwezi ndiyo usiseme. Jumatatu vinyozi tunakaa kubishana Simba na Yanga. Kucha ya kidole gumba iliyozama kwenye nyama hutolewa kwa ganzi na unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Hapo ndipo watu hudanganyika, maana ganzi ikiwa bado ipo mguu unajiona mzima. Usipitie kazini "kuchungulia". Kalale, mguu juu ya mito upite usawa wa moyo, siku hiyo na ya pili yake. Ukiuning'iniza, kidole kinavimba, kinapwita, usiku hulali.

Bosi aambiwe mapema. Mwenye ajira rasmi hapa Tanzania, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Omba daktari akuandikie cheti. Sisi tunaogawana na mwenye saluni kwa kichwa tunapatana wenyewe kwa wenyewe. Wateja wangu niliwakabidhi kwa jamaa wa kiti cha pili, naye akiugua nitambebea wake.

Ukirudi, adui wa kwanza ni nywele. Zile fupi za mashine zinapenya popote, na zikifika kwenye kidonda chenye majimaji zinaganda humohumo. Juu ya gozi na bandeji vaa soksi safi ya pamba, iliyolegea, na beba ya pili ya kubadilisha mchana, kwa jasho hili la Dar. Usifunge mfuko wa nailoni kazini, kidonda kitachemka humo. Mfuko ni wa kuogea tu. Rambo zilipigwa marufuku mwaka 2019, wa mkate unatosha.

Viatu: kobazi pana zenye mkanda wa nyuma, mbele wazi. Ndala ziache. Ili zisikuvuke unazibana kwa vidole, na gumba ndilo linalobana kuliko vyote.

Sasa kusimama kwenyewe. Zungusha kiti, usizunguke wewe. Tafuta stuli ndefu kama zile za baa. Pembeni na kisogoni unanyoa umekaa, unasimama kwa juu na kwa kuchonga laini ya mbele. Ukisimama, usiegemee mguu mzima kutwa, kiuno kitakulipiza. Mimi niliweka kreti ya soda chini, nikapandisha ule mbovu, nikaushusha, nikahama. Kusimama wima bila kutikisika ndiko kubaya zaidi, kwa sababu misuli ya shavu la mguu ikitembea ndiyo inayosukuma damu irudi juu. Kati ya mteja na mteja, mguu juu ya benchi, hata kama wanakushangaa. Na watoto waachie vinyozi wengine kwanza. Mtoto akikalishwa kwenye ubao hupiga mateke, na teke lake lina shabaha.

Maumivu yakizidi, paracetamol vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa saa 24. Hesabu na dawa za mafua, nyingi zina paracetamol ndani. Ila ukiona huwezi kusimama bila kumeza, siku hiyo kaa nyumbani.

Kwenye kiti changu kila mteja ni daktari: huyu majivu, yule dawa ya mswaki, mwingine upasue kapsuli umwagie unga. Itikia, endelea kunyoa, halafu kasafishe kidonda kama ulivyoelekezwa hospitali. Damu ikichuruzika, kaa, bandika gozi, kandamiza, inua mguu. Ikigoma kukata, au ukiona usaha, wekundu unaopanda mguuni, homa, au maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, rudi kwa waliokupasua bila kungoja siku ya miadi. Mwenye kisukari asitumie ratiba yangu kabisa. Siku ya kurudi kusimama ataambiwa na daktari wake.