Kuzisimamia maktaba za wengine na leseni zake katika programu huria

Tuchukulie kwamba wewe na wenzako wawili, katika chumba kimoja cha Ngamiani, Tanga, mnatengeneza kwa JavaScript programu huria ya kurekodi uzito wa samaki wanaoshushwa Deep Sea. Maktaba, yaani vipande vya msimbo vilivyoandikwa na wengine, mlizochagua wenyewe ni sita; lakini kila moja imekuja na jamaa zake, yaani maktaba nyingine inazozitegemea, nao jamaa wamekuja na jamaa zao, na amri ya npm ls --all (npm ni zana ya kupakua maktaba za JavaScript) itawaonyesha ukoo mzima. Usomeni kabla ya jambo lingine lolote.

Kisha yafungeni matoleo. Hifadhini faili la package-lock.json, linaloandika toleo kamili la kila maktaba, pamoja na msimbo wenu, na kila mnapounda programu tumieni npm ci badala ya npm install, kwa kuwa npm ci hufuata faili hilo kama lilivyo na hugoma likipingana na package.json, faili lenye orodha ya maktaba mlizochagua wenyewe. Wekeni pia nakala za maktaba hizo kwenye diski yenu: Machi 2016 mwandishi wa left-pad, kimaktaba cha mistari 11, alikiondoa kwenye ghala la npm, na miradi mingi ikashindwa kuundwa.

Penye kazi hasa ni leseni. MIT na BSD hudai kidogo, yaani tamko la hakimiliki na maandishi ya leseni yasiondolewe. Apache 2.0 huongeza kwamba yaliyomo katika faili la NOTICE, kama lipo, yasafiri na programu. GPL hudai kwamba mkiisambaza kazi iliyounganishwa nayo, kazi nzima itolewe kwa masharti hayohayo na msimbo chanzo wake upatikane. Na kumpa mnunuzi mmoja wa samaki programu hiyo kwenye flashi tayari ni kusambaza. AGPL huenda mbali zaidi: mkiwa mmeirekebisha, hata anayeitumia kupitia seva yenu ana haki ya kupewa msimbo.

Leseni mbili njema zaweza pia kukataana. Apache 2.0 hupatana na GPL toleo la 3 la mwaka 2007, ila haipatani na GPL toleo la 2 pekee, kwa sababu ya masharti yake kuhusu hataza (haki za uvumbuzi). Ndiyo maana maneno “au toleo lolote la baadaye” yatafutwe kwa makini katika maktaba ya GPL 2, kwani huwaruhusu kutumia toleo la 3. Na maktaba isiyo na leseni yoyote si ya bure, ingawa wengi huichukulia hivyo: haki zote zimebaki kwa mwandishi, kwa hiyo mwombeni ruhusa ya maandishi au iacheni.

Mwisho, kagueni kifurushi chenyewe mnachosambaza, si folda ya kazi. Zana za kubana msimbo mara nyingi hufuta maelezo yenye tamko la hakimiliki, nanyi mtakuwa mmevunja hata MIT bila kukusudia. Yakusanyeni matamko yote katika faili moja, kisha liwekeni lifunguke kutoka kwenye menyu ya programu, kwa sababu mvuvi aliyeipokea kwa flashi hataingia kamwe kwenye hazina yenu ya msimbo.