Je, Kutunisha Misuli ni Mchezo? Jinsi ya Kuomba Upolisi India kupitia Nafasi za Wanamichezo

Shemeji yangu ana mikono minene kuliko mapaja yangu na medali tatu za mashindano ya kutunisha misuli, lakini kwa miezi minne hakuwa na hakika kama serikali ya nchi yake inamhesabu kuwa mwanamichezo. Mimi niliyetoka Mombasa nikaolewa Pune ndiye niliyekabidhiwa kazi ya karatasi, kwa hoja kwamba mtu aliyewahi kuhangaikia viza ya India hawezi kushindwa na fomu nyingine. Nilishindwa mara mbili, na mwongozo huu unatokana na mara hizo mbili. Kabla ya kuendelea, niwaambie vijana wetu wanaosoma huku na kunyanyua vyuma kila jioni kwamba nafasi hizi ni za raia wa India, kwa hiyo wasipoteze nauli. Nawaandikia zaidi wenye ndugu, wakwe na watoto wenye uraia huo.

Kwa ajira za serikali kuu, jibu la swali letu ni ndiyo. Idara ya Utumishi na Mafunzo ina orodha ya michezo ambayo wachezaji wake waliofaulu wanaweza kuajiriwa kwa nafasi maalumu, ambazo hazipaswi kuzidi asilimia 5 ya nafasi zinazojazwa moja kwa moja kwa mwaka. Kwa muda mrefu kutunisha misuli kulikuwa kumefichwa ndani ya mabano, kama sehemu ya jimnastiki, jambo lililowafanya makarani wengi waape kwamba hakumo. Septemba 2020 orodha ilipopanuliwa kutoka michezo 43 hadi 63, kukapewa mstari wake wenyewe, pamoja na raga na kuvuta kamba. Chapisha waraka wa serikali uliopanua orodha hiyo na uende nao, kwa kuwa bado wapo makarani wanaoishi kabla ya 2020.

Hata hivyo, kuwamo katika orodha hakumaanishi kwamba kikosi cha polisi cha serikali kuu kitaajiri. Kila kikosi kinapotangaza nafasi hutaja michezo inayohitajika mwaka huo na idadi ya watu kwa kila mchezo, na kama mchezo wako haukutajwa, waraka wa 2020 hautakusaidia hata ukiuwekea fremu. Soma jedwali la michezo katika tangazo kabla ya kulipa ada au kupiga picha za pasipoti.

Polisi wa majimbo ni habari nyingine, kwa sababu kila jimbo lina kanuni zake. Kutunisha misuli hakumo katika Olimpiki, na katika Michezo ya Asia kulikuwamo Busan 2002 na Doha 2006, kisha kukaondolewa. Kwa hiyo jimbo linalopima michezo kwa kipimo cha mashindano hayo makubwa lina sababu ya kukuacha nje. Kule Kerala, mwanzoni mwa 2025, Baraza la Mawaziri liliamua kuwapa watunisha misuli wawili wenye mataji ya kimataifa vyeo vya ukaguzi katika polisi wa silaha, na pingamizi kubwa lililozuka lilikuwa kwamba mchezo wao haukuwa miongoni mwa michezo inayostahili ajira za aina hiyo. Ikiwa wenye mataji ya kimataifa wamewekewa pingamizi mlangoni, usiende na medali ya wilaya ukitegemea kifua. Huku kwetu Maharashtra, jimbo lenye mji wa Pune, ambako wanamichezo hutengewa asilimia 5, cheti lazima kwanza kihakikiwe na naibu mkurugenzi wa michezo wa kanda, na kazi hiyo ianze mapema, kabla tangazo halijatoka.

Sasa nije kwenye hatua iliyotugharimu. Cheti chenye nembo ya dhahabu ulichokabidhiwa jukwaani, pamoja na utepe wa begani na picha ulizopakwa mafuta, havina uzito wowote mbele ya kamati ya ajira. Kinachotakiwa ni fomu maalumu ya serikali: Fomu 1 kwa aliyewakilisha nchi, inayosainiwa na shirikisho la taifa la mchezo huo, Fomu 2 kwa aliyewakilisha jimbo katika mashindano ya taifa, inayosainiwa na chama cha jimbo, Fomu 3 kwa mashindano ya vyuo vikuu, na Fomu 4 kwa mashindano ya shule. Shemeji yangu alihitaji Fomu 2. Tuliipata baada ya wiki mbili, tukaipeleka, ikarudishwa kwa sababu ilikuwa imesainiwa na katibu msaidizi. Chini kabisa ya fomu, kwa herufi ndogo ambazo nakiri sikuzisoma, imeandikwa kwamba haitakuwa halali isiposainiwa na katibu wa chama mwenyewe. Naye katibu mwenyewe alikuwa safarini akihukumu mashindano, na ofisi yake ilifunguliwa siku mbili kwa wiki, saa ambazo mlinzi pekee ndiye aliyezijua.

Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Fomu ilikuwa na saini sahihi, lakini karani akauliza chama hiki kiko chini ya shirikisho gani. Katika mchezo huu mashirikisho ni mengi, kila moja lina bingwa wake wa India na kila moja hudai kwamba mengine ni ya wahuni. Medali mbili kati ya zile tatu zilitoka kwenye mashindano ya kundi ambalo serikali haikulitambua, na zikafutwa katika hesabu kwa mkwaju mmoja wa kalamu. Tazama basi orodha ya mashirikisho yanayotambuliwa na Wizara ya Vijana na Michezo, uangalie hali ilivyokuwa mwaka wa mashindano yako, kisha uombe chama cha jimbo barua inayothibitisha kwamba kiko chini ya shirikisho hilo. Angalia pia jina la shindano lililoandikwa kwenye cheti. Cha shemeji kilitaja kundi la kuonyesha umbo, na tulilazimika kurudi kuomba sentensi moja ya kueleza kwamba kundi hilo ni sehemu ya mashindano ya kutunisha misuli. Angalia na tarehe, kwa maana matangazo mengi hukubali tu mafanikio ya miaka michache iliyotangulia siku ya kufunga maombi.

Kujaza maombi mtandaoni hakuna la ajabu, ila usingoje siku ya mwisho, ambapo mfumo huelemewa na kukurudisha ukurasa wa kwanza ukiwa umeshalipa.

Lililobaki ni mwili wenyewe, ambao watu hawa hudhani ndio sehemu rahisi. Katika vikosi vya serikali kuu, konstebo wa kiume kwa kawaida hutakiwa awe na urefu wa sentimita 170 na kifua cha sentimita 80 kinachotanuka kwa 5. Hizo 80 si tatizo. Tatizo ni hizo 5, kwa kuwa kifua kilichokwisha kujaa misuli hakitanuki kwa urahisi, na shemeji alijizoeza kuvuta pumzi kwa wiki tatu mbele ya futi ya fundi cherehani. Uzito nao hupimwa kulingana na urefu na umri, na jedwali halijui kutofautisha misuli na kitambi. Mishipa ya miguu iliyovimba kwa ugonjwa humwondoa mtu, kwa hiyo usifanye mazoezi mazito ya miguu siku moja kabla ya kuonana na daktari ukatokea mishipa imesimama kama kamba. Kama tangazo halikuwasamehe wanamichezo mbio, mwombaji wa kiume hutakiwa amalize kilomita 5 kwa dakika 24. Shemeji yangu, ambaye kwa miaka sita alikuwa akipanda pikipiki kwenda jimu iliyo mita mia tatu kutoka nyumbani, alianza kukimbia siku tuliyopokea Fomu 2 ya tatu.