Mausi na swichi za kibodi kwa mikono ya Mombasa

Mama alinigongea mlango saa nane za usiku. "Wewe mwana, ndiyo nini kukaanga bisi saa hizi?"

Sikuwa nakaanga kitu. Nilikuwa nacheza Counter-Strike, mchezo wa kupigana risasi kwenye kompyuta, na hizo bisi zilikuwa swichi za buluu zilizo chini ya vitufe vya kibodi niliyoinunua mchana ule kwa kuwa zilinilia vizuri dukani. Dukani kwenyewe feni tatu zazunguka, matatu zapiga honi mlangoni, na muuzaji hasemi ila kwa kupaza sauti. Nyumbani kwetu Kibokoni kuta ni za mawe ya matumbawe, nene, lakini dari ni boriti, na usiku ukitulia mlio wa buluu wapita juu ya boriti kama panya.

Hilo lilikuwa kosa langu la pili. La kwanza lilikuwa mausi. (Vitabuni yaitwa kipanya, najua. Ingia duka lolote la Digo Road uombe kipanya uone kama hukuonyeshwa sumu.) Mchana mimi huandika karatasi za mizigo katika ofisi karibu na bandari, usiku nacheza, kwa hivyo vidole vyangu havina likizo. Tangu mwana wa kakangu aanze kuniletea wenzake na maswali yao, "Shangazi, tununue ipi?", nimechoka kurudia, nikaona niandike.

Basi mausi. Ile yangu ya kwanza ilikuwa imepakwa mpira laini mweusi, ukiigusa kama mahameli. Haikumaliza mwaka ikaanza kunata kama halua iliyosahauliwa juani. Mpira wa aina hiyo huharibika kwa joto na unyevu, na hapa kwetu vyote viwili tunavyo kaskazi na kusi. Kwa hivyo kabla hujauliza lolote, pitisha kidole mgongoni mwa mausi. Ukihisi mpira, iweke chini. Plastiki inayong'aa nayo huteleza mkono ukishatoka jasho. Wataka plastiki kavu, isiyong'aa, yenye ukwaru kidogo kama ganda la yai.

Kisha upime mkono wako. Chukua rula, pima kutoka mkunjo wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Wangu ni sentimita 16.5, mkono mdogo. Kuna kanuni inayozungushwa kwamba urefu wa mausi uwe asilimia 60 ya urefu wa mkono. Kwangu mimi hiyo ni mausi ya sentimita 9.9, na mausi ya mchezo ya kimo hicho utaitafuta mpaka uchoke. Nyingi zinazoitwa ndogo zakaribia 12. Kinachokufaa zaidi ni kujua washikaje. Wako wanaolaza kiganja chote juu yake. Hao wafaa mausi ndefu yenye nundu. Wako wanaokunja vidole kama kunguru aliyeshika ukingo wa bati, kiganja chagusa nyuma tu. Hao, nami nimo, wafaa ya wastani au ndogo, nundu yake iwe nyuma. Na wako wanaoshika kwa ncha za vidole peke yake. Hao watafute fupi na nyepesi. Usijibu kwa kufikiria. Shika mausi yoyote, funga macho, isukume kama wamfuata adui, halafu fumbua uangalie mkono wako umekaaje.

Uzito wahisika kuliko watu wanavyodhani. G102 ya Logitech, ambayo ndiyo mausi ya wengi wanaoanza, ina gramu 85. Viper Mini ya Razer ina gramu 61. Hizo gramu 24 si kitu ukizishika dakika moja. Zishike saa tatu ndipo kifundo kitakueleza. Lakini usikimbilie zile zilizotobolewa matundu mwili mzima ili zipungue uzito. Kwa mwenzetu aliye chumba cha baridi kikavu, sawa. Hapa matundu yale hupokea jasho, vumbi, na chembe za mahamri.

Ugonjwa mkubwa wa mausi Mombasa ni kubofya mara mbili. Wabonyeza mara moja, yenyewe yahesabu mbili: wataka kuburuta faili, lafunguka. Ndani ya kitufe cha kawaida mna kijibati cha chembe tu kinachogusa kingine. Vikiingia kutu au uchafu, mguso wadundadunda na kompyuta yasoma mbofyo wa pili. Hewa ya chumvi haisaidii. Ndiyo maana ukiwa na pesa ya kuongeza, iongeze upande huu: tafuta mausi ambayo vitufe vyake vyatumia mwanga, yaani kitufe kikishuka chakata au chafungulia mwale, hakuna bati linalogusana. Mimi nilihama huko na huo ugonjwa sijauona tena.

Sasa zile namba kubwa za kisandukuni. DPI ni idadi ya hatua ambazo mshale waenda kwa kila inchi unayosogeza mausi, basi. Wachezaji wa mchezo wa kulenga wengi hukaa kati ya 400 na 1600. Mimi niko 800 na sijapata siku ya kuhitaji 26,000. Namba hiyo yauza kisanduku. Ulizia jina la sensa, kile kijicho cha chini kinachosoma mwendo. PMW3360 ya PixArt ni ya zamani kidogo lakini bado yatosha kabisa. PAW3395 ni mpya zaidi. Logitech wana yao, HERO. Kisanduku kikikupigia kelele za DPI na hakitaji sensa mahali popote, mrudishie mwenyewe.

Namba ya pili ni Hz, yaani mausi yaripoti kwa kompyuta mara ngapi kwa sekunde. Kwa 125 huripoti kila milisekunde 8. Kwa 1000, kila milisekunde moja, na tofauti hiyo utaihisi. Sasa kuna za 8000, kila milisekunde 0.125. Piga hesabu: ukitoka 1000 kwenda 8000 hujaokoa hata milisekunde moja nzima. Sisi hapa seva za Counter-Strike za karibu ni Dubai na Johannesburg. Waya wa intaneti wa chini ya bahari uitwao TEAMS, ulioletwa mwaka 2009, watoka Fujairah kule Emarati na kuingia nchi kavu hapa hapa Mombasa, hatua chache na sisi, na bado usiku mzuri pingi yangu, yaani muda wa kwenda kwenye seva na kurudi, yachezea milisekunde 100. Anayekuuzia 8000 akuuzie na seva mtaani kwako.

Waya au bila waya? Mimi jibu langu ni la buibui. Mkono wa buibui wanasa waya kila nikigeuka, na nimefia Dust II, uwanja mmoja wa Counter-Strike, mara nyingi kwa sababu hiyo. Isiyo na waya yenye kipokezi chake cha USB leo haina tofauti na ya waya kwa mchezo. Ya Bluetooth ni ya kazi za ofisi, si ya kulenga. Kama huna buibui wala mkono mrefu wa kanzu, nunua ya waya, ule waya uwe mlaini kama kamba ya kiatu, pesa inayobaki uiweke kwenye kibodi.

Ukifika nayo nyumbani, ingia mipangilio ya mausi ya Windows uzime kile kiboreshaji cha usahihi wa mshale. Kikiwashwa, mshale waenda mbali zaidi ukisukuma kwa haraka, na mkono hautajifunza kamwe umbali wa kitu. Na padi ya kitambaa ya kuwekea mausi, hapa, hunywa unyevu mpaka mausi yasogea kama mtumbwi kwenye matope. Ifue kwa sabuni, ianike kivulini.

Sasa kwenye bisi.

Swichi ndiyo kitu kilicho chini ya kila kitufe cha kibodi ya namna hii, kila kimoja na yake, na springi yake. Rangi zake zilianza na Cherry, kampuni ya Ujerumani, iliyotoa swichi za MX miaka ya 1980. Hataza zao, yaani haki za uvumbuzi, zilipokwisha katikati ya miaka ya 2010, viwanda vya China kama Gateron, Kailh na Outemu vikaingia, bei ikashuka, ndiyo maana leo kijana wa Majengo aweza kuwa nayo. Rangi wengi wao wanaifuata ile ile ya Cherry, lakini si sheria. Nyekundu ya huyu si lazima iwe sawa na nyekundu ya yule.

Nyekundu hushuka moja kwa moja, laini, hakuna kinachokuzuia njiani. Ya Cherry yataka nguvu ya kama gramu 45, na husomeka ikishuka milimita 2 kati ya 4. Kahawia ina kinundu katikati. Kidole chahisi pale herufi iliposhika, gramu 55 hivi. Buluu ina kinundu na mlio, gramu 60 hivi, na mama yako atauliza habari za bisi. Iko na ya fedha, inayosomeka kwenye milimita 1.2 tu. Hiyo nilijaribu mara baada ya harusi ya binamu yangu, nina piko mikononi na kucha ndefu, na kila nikipumzisha kidole juu ya W, kitufe cha kwenda mbele, najikuta nimeshatoka mafichoni. Wenye vidole vizito waogope fedha.

Watu husema nyekundu ni ya mchezo na kahawia ni ya kuandika. Mimi naandika namba za kontena kutwa, na naziandika kwa nyekundu bila shida. Nilichojifunza ni kuuliza kwanza nani amelala upande wa pili wa ukuta. Ukiwa peke yako juu ghorofani Nyali, nunua buluu ufurahi. Ukilala chumba kimoja na ndugu zako, hata nyekundu itakusema, kwa kuwa kelele nyingi si za swichi, ni za kitufe kugonga chini. Kwa hao kuna swichi za kimya: ni kama nyekundu, ila ndani mna vipira vinavyopokea kishindo cha kushuka na cha kupanda. Mguso wake ni mzito kidogo, kama kubonyeza ndizi mbivu, na wiki ya kwanza niliuchukia. Nazo ndizo nilizo nazo. Mwezi wa pili mama akauliza mbona nimeacha kucheza.

Sikununua kibodi nyingine kuzipata. Hapa ndipo sisitizo langu likae: nunua kibodi ambayo swichi zake zachomoka kwa koleo dogo bila kulehemu. Hata ukichagua vibaya, umepoteza bei ya swichi tu, na moja ikifa kwa chumvi wabadili moja. Muulize muuzaji kama soketi zapokea swichi za kila kampuni, maana baadhi ya kibodi za bei rahisi tundu zake ni nyembamba na zakubali za Outemu peke yake. Swichi za miguu mitano zikikataa kuingia kwenye bodi ya mitatu, ile miwili ya ziada ni plastiki. Ikate kwa kikata kucha. Ya chuma usiiguse, na uisukume ikiwa imenyooka, kwani ikijikunja utakaa saa nzima watafuta herufi isiyofanya kazi.

Mwana wa kakangu yeye alikwenda kwenye swichi za sumaku. Hizo hazina chuma kinachogusana: sumaku yashuka, sensa yasoma iko wapi, nawe wachagua kwenye programu isomeke kwa kina gani, kuanzia sehemu ya kumi ya milimita. Ukiinua kidole kidogo tu, kitufe kimeshaachia, na kwa Counter-Strike kusimama ghafla ndiyo nusu ya kulenga. Kwa hewa yetu pia nazipenda. Ila swichi za sumaku hazikai kwenye bodi ya kawaida, bei iko juu, na kuna kitu kimoja cha kuzima: ule mtindo wa kibodi kukuamulia ukishika A na D, yaani kushoto na kulia, pamoja. Agosti 2024 Valve, wenye Counter-Strike, waliupiga marufuku kwenye seva zao, na anayekutwa nao hutolewa mechini.

Siku ya kununua nenda na laptopu yako, hata kama ni nzito. Fungua ukurasa mtupu, bonyeza kila kitufe mara moja, kila kimoja, pamoja na kile kirefu cha nafasi ambacho ndicho hukwama pembeni. Mausi ibofye polepole mara hamsini juu ya folda. Ikifunguka bila ya wewe kubofya mara mbili, hiyo ni mgonjwa tayari. Iinue, iteremshe, uone kama mshale waruka. Risiti iandikwe muda wa kurudisha, kwa kalamu, mbele yako.

Kila masika yakiisha mimi hung'oa vitufe vyote, nikavitia kwenye beseni la maji ya vuguvugu na sabuni, na bodi naipangusa kwa brashi kavu na spiriti kidogo. Piga picha kwanza kabla ya kung'oa. Ya mwana wa kakangu niliifungua mwezi jana nikatoa kachiri, kokwa mbili za achari ya ukwaju, na kitufe cha shati ambacho mamake alikitafuta tangu Idi.