Kunywa kwa Vipimo: Joto na Upungufu wa Maji Katika Safari Ndefu ya Baiskeli

Mwendesha baiskeli hudanganywa na upepo. Akiwa kasi kwenye tambarare, jasho lake hukauka kabla halijadondoka, ngozi ikabaki kavu, naye akadhani hapotezi maji. Mlima unapoanza na mwendo kupungua, upepo hukatika na joto likamvamia kwa mara moja. Kwa kuwa hisia hupotosha hivyo, mimi huamini mizani.

Jipime uzito bila nguo, uendeshe saa moja katika joto linalofanana na lile la safari unayoikusudia, kisha ujifute jasho na kujipima tena kabla ya kwenda haja. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya maji, nawe ongeza juu yake kiasi ulichokunywa njiani. Aliyetoka na kilo 70 akarudi na kilo 69.3, ilhali alikunywa nusu lita, amepoteza lita 1.2. Hana haja ya kuirudisha yote papo hapo, na hata angetaka, huenda tumbo likakataa. Inatosha upungufu wake usizidi asilimia 2 ya uzito, ambayo kwake ni kilo 1.4. Katika saa 3 atapoteza lita 3.6, kwa hiyo chupa moja ya mililita 750 kila saa itamtosha, akiinywa kwa mafunda machache kila robo saa.

Anayerudi akiwa mzito kuliko alivyotoka amekunywa kupita kiasi, na hilo si jambo la kupuuza. Maji matupu yakizidi, chumvi ya damu huzimuliwa, na kuumwa kichwa, kichefuchefu na kuchanganyikiwa kunakofuata hufanana mno na dalili za joto, hata mtu akaongezewa maji yaleyale yanayomdhuru.

Ukiona michirizi myeupe kwenye mikanda ya kofia, jasho lako lina chumvi nyingi. Katika safari ya saa nyingi, beba chupa moja ya maji yenye chumvi kidogo na sukari, na nyingine ya maji matupu, ambayo pia utajimwagia kichwani na shingoni. (Chupa iliyojazwa nusu na kugandishwa usiku, kisha kujazwa asubuhi, hukaa baridi muda mrefu.)

Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kulizoea joto, kwa hiyo siku za mwanzo fupisha safari na utoke alfajiri.

Ukihisi baridi au kusisimkwa juani, simama kivulini mara moja. Mwenzako akianza kuyumba au kusema maneno yasiyoeleweka, usimnyweshe kwa nguvu: mlaze kivulini, mvue kofia na nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima huku ukimpepea, na mwingine aite msaada wa hospitali bila kungoja kuona kama atapata nafuu.