Unahamia Dar kutoka Kigoma au Tabora? Chagua barabara kabla ya nyumba

Basi la Kigoma au la Tabora linakushusha stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Mtu amechoka, ana mizigo, dalali yuko pale nje, na jioni hiyohiyo anaonyeshwa chumba cha Mbezi kwa ndani au Kibamba. Akilipa miezi sita, baadaye kazi yake ikiwa Mbagala au Tegeta, atatumia miezi hiyo sita barabarani. Kosa hili ni la kawaida, na dawa yake ni kupanga mambo kwa utaratibu: kwanza ujue barabara, kisha mtaa, nyumba iwe ya mwisho.

Kigoma Mjini, kutoka Mwanga hadi Ujiji ni daladala moja. Tabora, mtu wa Ipuli anafika sokoni kwa baiskeli. Kwa mazoea hayo mtu hupima umbali kwa kilomita. Dar umbali unapimwa kwa saa, na saa zenyewe zinategemea unapita barabara gani na muda gani. Kilomita 12 za saa 4 asubuhi si kilomita 12 za saa 12 na nusu.

Pembezoni mwa jiji pamegawanywa na barabara kuu nne, ukiongeza Kigamboni. Barabara ya Morogoro inapita Kimara, Mbezi, Kibamba na Kiluvya mpaka Kibaha, ambayo ni mkoa wa Pwani. Njia ya kwanza ya Mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, iliyoanza mwaka 2016, inaishia Kimara. Kutoka hapo hadi Kibaha barabara imepanuliwa. Barabara ya Nyerere inakwenda uwanja wa ndege, Ukonga, Gongo la Mboto, Pugu na Chanika. Ya Kilwa inakwenda Mbagala, na kutoka huko unaingia Chamazi au unaendelea Kongowe na Vikindu. Ya Bagamoyo inapita Mwenge, Tegeta, Boko na Bunju. Kigamboni unavuka kwa pantoni ya Magogoni au kwa daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016.

Chukua karatasi, andika kazi yako iko kwenye barabara ipi. Tafuta makazi kwenye barabara hiyohiyo. Ikishindikana, tafuta mahali penye barabara ya lami ya kuunganisha: Mbezi kwenda Kinyerezi kupitia Malamba Mawili, Mbezi kwenda Goba, au Goba kwenda Madale na Wazo. Hizi zinakuepusha kuingia Ubungo kila siku. Mkiwa wawili mnaofanya kazi, mmoja Kariakoo na mwingine Tegeta, mpe kipaumbele yule anayeingia mapema au anayerudi na mtoto.

Kuna jambo wageni hawaambiwi. Kukaa katikati ya njia, karibu zaidi na mjini, kunaweza kuwa kugumu kuliko kukaa mwisho wa gari. Asubuhi daladala linajaa pale linapoanzia, na vituo vya katikati linapita bila kusimama. Ndiyo maana utaona watu wanapanda gari linaloenda kinyume na waendako ili wageuze nalo, wakilipa nauli mara mbili. Ukipata chumba umbali wa kutembea kutoka Kimara Mwisho, Gongo la Mboto au Mbagala Rangi Tatu, una nafasi kubwa zaidi ya kukaa kwenye siti. Anayetoka nyumbani saa 11 alfajiri siku sita kwa wiki, siti ni usingizi wa saa moja.

Sasa piga hesabu. Usilinganishe kodi kwa kodi. Tuseme chumba cha mbali ni 80,000 kwa mwezi, na kukifikia unahitaji bodaboda ya 1,000, daladala la 600 na jingine la 800. Kwenda na kurudi ni 4,800. Kwa siku 26 ni 124,800. Jumla na kodi, 204,800. Chumba cha karibu ni 130,000 na unapanda gari moja la 600: nauli ya mwezi ni 31,200, jumla 161,200. Chumba "cha bei rahisi" kimekuzidishia 43,600 kila mwezi, na hapo maji hayajahesabiwa. Weka nauli zako halisi, ulizoziuliza kituoni kwa abiria. Za dalali haziaminiki. Bodaboda ndiyo inayoharibu hesabu: "dakika tano kutoka barabarani" ya dalali ni dakika tano za bodaboda. Tembea kwa miguu mwenyewe. Ukizidi dakika 20, hesabu bodaboda kila siku, kwa sababu siku ya mvua na usiku utaipanda tu.

Mvua

Hapa ndipo watu wa magharibi mwa nchi wanapokosea zaidi. Tabora na Kigoma tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, kisha kiangazi. Dar ina vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Mtaa uliouona Julai ukiwa na vumbi safi unaweza kuwa bwawa Aprili. Sababu ni mbili. Bonde la mto Msimbazi linakusanya maji ya kutoka milima ya Pugu, na maeneo mengi ya karibu na bahari ni tambarare, maji hayana pa kwenda. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, na Serikali ikahamishia waathirika Mabwepande. Mto ukijaa Jangwani, barabara ya Morogoro hufungwa, hivyo hata anayeishi juu kilimani Kimara anakosa pa kupita.

Ukienda kuangalia nyumba, tazama ukuta kwa nje, chini ya dirisha. Mstari wa rangi ya udongo, au rangi mpya iliyopakwa nusu ya chini tu, ni alama ya maji. Angalia kizingiti cha mlango: kikiwa kimejengewa tofali mbili au tatu juu, mwenye nyumba anajua anachokizuia. Angalia choo na chemba ziko juu au chini ya usawa wa barabara, maana maji taka ya jirani hufuata mteremko. Kisha umsogelee mama wa genge la karibu: "Shikamoo mama. Masika yaliyopita maji yalifika wapi hapa?" Atakuonyesha kwa mkono. Dalali hana sababu ya kukuonyesha.

Upande wa Kimara, Mbezi na Goba tatizo ni la aina nyingine. Huko ni vilima na makorongo. Nyumba haifuriki, lakini korongo linakula udongo kila masika, na njia ya mtaani inakatika gari lisipite. Uliza kama bajaji inafika mlangoni wakati wa mvua.

Maji, umeme na mtaa wenyewe

Bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, likionekana uani, usiridhike. Uliza maji yanatoka siku zipi na saa ngapi, na kama kuna simtanki la wapangaji wote. Palipo na kisima, onja: visima vingi vya Dar vina chumvi, yanafaa kufulia na kuoshea tu, na ya kunywa na kupikia utanunua kwa dumu. Dumu mbili za lita 20 kwa siku ni 60 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya mtaa huo, ongeza kwenye ile hesabu.

Umeme: mita ya LUKU yako peke yako, au ya kugawana? Mita moja kwa wapangaji sita, mmoja akiwa na friji na mwingine taa mbili tu, ni ugomvi wa kila mwezi. Kama lazima mgawane, tafuta nyumba yenye mita ndogo ya kila chumba.

Wenye watoto, kabla ya kulipa kodi nenda shule ya msingi ya mtaa uulize kama kuna nafasi, kisha ndipo uanze uhamisho kule mtoto aliko, ukiwa na namba yake ya mwanafunzi, ile ya PREM. Ukianza kinyume, mtoto anaweza kukaa nyumbani wiki kadhaa.

Usiku, rudi mtaani saa 2. Angalia taa, angalia kama wanawake wanatembea peke yao, sikiliza baa na spika.

Jinsi ya kulipa bila kujifunga

Fika kwa ndugu au chukua chumba cha muda kwa wiki tatu au nne. Vitanda na makabati ya mninga yabaki Tabora kwanza. Kuyasafirisha mara moja ni gharama, kuyahamisha tena ndani ya jiji ni gharama ya pili. Chagua mitaa mitatu. Katika kila mmoja, Jumatatu au Ijumaa, simama kituoni saa 12 asubuhi, panda gari mpaka kazini, na jioni urudi nalo. Andika dakika. Jaribio hili hugharimu nauli ya siku tatu na linaokoa kodi ya miezi sita.

Dalali kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja, na wengine hudai pesa ya kukuzungusha. Patana naye mapema, kabla hamjaondoka kijiweni. Usitume pesa kwa simu kwa nyumba uliyoiona kwenye picha. Onana na mwenye nyumba mwenyewe, uliza majirani watatu kama ndiye, kisha ofisi ya serikali ya mtaa, ambako utahitaji kujitambulisha hata hivyo. Beba barua ya utambulisho kutoka mtaa unaotoka. Mkataba uandikwe muda, kodi, nani analipa kunyonya choo, na kodi ikipanda notisi ni ya muda gani. Omba miezi mitatu kwa mara ya kwanza, hata ukiongezewa kidogo. Wengi hukataa, wengine hukubali, hasa chumba kikiwa kimekaa wazi.

Ukiona mtaa umekufaa na unafikiria kiwanja, subiri masika moja ipite ukiwa hapohapo. Viwanja vya ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, kama Kibada, Bunju na Toangoma, vimepimwa na vina barabara. Vya bei ya chini kando ya mto vina sababu ya bei yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari, na mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilivunjwa kwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Chukua namba ya kiwanja, nenda nayo ofisi ya ardhi ya manispaa, na usitoe hata shilingi mpaka afisa amekuonyesha kiwanja hicho kwenye ramani.