Namna ya Kumsaidia Mwanafunzi Kujibu Swali la Historia Lililoulizwa kwa Kiingereza

Mzazi, kaka au dada anayeketi jioni na mwanafunzi wa kidato cha tatu aanze kwa kulifunika daftari, amwombe asome swali kwa sauti, kisha aeleze kwa Kiswahili ametakiwa kufanya nini. Naipa hatua hii uzito kuliko zote, kwa kuwa katika sekondari nyingi za Tanzania historia hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na nimeona wanafunzi wanaoijua vyema historia wakikosa alama kwa kutolielewa swali.

Kijana mmoja niliyekuwa nikimsaidia alipewa swali lililoanza na neno "assess", likihusu matokeo ya Vita vya Majimaji. Aliandika kurasa mbili juu ya kodi, kulazimishwa kulima pamba na ukali wa maakida, yaani maofisa waliowekwa na Wajerumani kuwasimamia wenyeji. Yote yalikuwa kweli, ila zile zilikuwa sababu za vita, wala hapakuwa na hata sentensi moja ya matokeo. Tulichora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja tuliandika yaliyotangulia Julai 1905, wakulima wa Umatumbi walipong'oa pamba, na upande wa pili yaliyofuata, hasa njaa iliyoletwa na Wajerumani kuchoma vijiji na mazao, pamoja na vifo ambavyo makadirio yake hutofautiana kuanzia 75,000 hadi 300,000. Kosa aliliona mwenyewe kabla sijalitaja.

Neno lile lilimtaka pia apime, yaani aamue ni tokeo lipi lililokuwa zito zaidi na aseme kwa nini. Je, ni njaa iliyowaangamiza watu wa kusini, au ni mabadiliko ya utawala baada ya Rechenberg kushika nafasi ya Gavana Götzen mwaka 1906? Msaidizi asitoe maoni yake mapema, maana akishayatoa mwanafunzi huyanakili na kuacha kufikiri.

Hoja zikishatulia kwa Kiswahili, ndipo aziandike kwa Kiingereza katika sentensi fupi. Kijana yule aliandika "The Germans was force people", na ukiitazama vizuri sentensi hiyo utaona kwamba alikuwa akitafuta mahali pa kuiweka "-li-" ya "walilazimisha", akaona "was" ndiyo inayolingana nayo. Nilimweleza kwamba wakati uliopita, ambao Kiswahili huuonyesha ndani ya kitenzi, hapa Kiingereza huuonyesha mwishoni mwake: "forced". Maelezo hayo yalimfaa kuliko kusahihishiwa sentensi kumi.

Katika fasihi utaratibu ni ule ule, ila kila hoja idaiwe ushahidi wa kitabuni: nani alimwambia nani, na katika tukio lipi. Iwapo kitabu ni mojawapo ya tamthilia za Shakespeare alizozitafsiri Mwalimu Nyerere, yaani Juliasi Kaizari au Mabepari wa Venisi, mwanafunzi aisome kwanza kwa Kiswahili bila kuona haya, ndipo airudie kwa Kiingereza akiwa tayari anawajua wahusika.

Insha inapoandikwa, msaidizi aondoke mezani. Akirudi, apigie mstari panapotatiza na kuuliza swali pembeni, huku kusahihisha kukibaki kazi ya mwanafunzi.