Kuunganisha Kidhibiti Joto cha Umeme kwa Sufuria ya Kimea

Kimea cha shayiri kikitiwa kwenye maji ya moto hutakiwa kukaa muda wa saa moja hivi katika nyuzi 65 hadi 68 za Selsiasi, kwa kuwa hapo ndipo vimeng'enya vyake hugeuza wanga kuwa sukari. Joto likipanda sana kupita hapo, vimeng'enya huharibika na hakuna namna ya kuvirudisha. Jiko la gesi halishiki kipimo hicho pasipo mtu kulisimamia. Kisanduku kinachoelezwa hapa hukishika chenyewe, nacho hufaa pia kupasha maziwa nyuzi 63 kwa dakika 30 ili kuua vijidudu, jambo litakalowafaa wasio na haja na kileo. Wenye haja nacho wajue kwamba sheria ya vileo ya Kenya ya mwaka 2010 inamtaka mtengenezaji awe na leseni.

Anza na hesabu kabla ya kununua chochote. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 240, na plagi ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13. Elementi, yaani kile chuma kinachopasha maji kwa umeme, ikiwa ya wati 3,000 huvuta ampea 12.5, kiasi ambacho plagi hukivumilia kwa dakika chache za birika lakini si kwa saa mbili au tatu mfululizo. Chukua elementi ya wati 2,400, inayovuta ampea 10. Maji lita 25 yanayotoka mferejini yakiwa na nyuzi 28 yatafika 67 kwa nusu saa hivi, na yatachemka baada ya kama saa moja, mradi sufuria ifunikwe. Volti zikishuka hadi 220, nguvu ya elementi hupungua hadi asilimia 84, basi usidhani kifaa kimeharibika.

Ndani ya kisanduku mna kidhibiti, kinachosoma joto na kuamua elementi iwake au izimike, ambacho huuzwa kwa jina la PID. Rilei ya kielektroniki iliyoandikwa SSR, ya ampea 40, ambayo huwasha na kuzima elementi kwa amri ya kidhibiti. Swichi ya ampea 20 inayokata laivu na nyutro kwa pamoja. Na fyuzi ndogo ya ampea 1 ya kukilinda kidhibiti. Hakikisha kidhibiti unachonunua kinatoa volti za DC za kuendesha SSR, maana kipo kinachofanana nacho kwa sura lakini chenye rilei yake ndani, na hicho hakitaiwasha.

SSR ndiyo inayotaka fikra zaidi. Ikipitisha ampea 10 hutoa joto la wati 10 hadi 15, na joto hilo, katika kisanduku kilichofungwa, kwenye jua la Machi la Mombasa, halina pa kwenda. Ifunge juu ya bamba la alumini lenye mapezi, mapezi yakae nje, na katikati upake tabaka jembamba la mafuta mazito ya kupitisha joto. Usitoboe matundu ya hewa ili kukwepa kazi hii, kwa sababu hewa ya pwani ina chumvi na terminali za shaba zitafanya kutu ya kijani. Tena SSR inapokufa, mara nyingi hufa ikiwa imefunga mkondo, yaani elementi huendelea kuwaka hata kidhibiti kikitaka izimike. Hata ikiwa nzima, huvujisha umeme kidogo wakati imezimwa. Ndiyo maana swichi ile si pambo, na ndiyo maana sufuria isiachwe peke yake.

Kazi ifanywe plagi ikiwa imechomolewa. Tumia waya wa milimita 2.5 za mraba kwa mkondo wa elementi, na uchague plagi inayoupokea mzima. Usikate hata uzi mmoja wa shaba ili uingie. Waya wa kahawia (laivu) na wa buluu (nyutro) huingia kwenye swichi, lakini tawi la kidhibiti, likipitia fyuzi ndogo, lichukuliwe kabla ya swichi, ili uweze kusoma joto hata elementi ikiwa imezimwa. Laivu inayotoka kwenye swichi huingia terminali 1 ya SSR, hutoka terminali 2, kisha huenda kwenye elementi. Nyutro hutoka kwenye swichi hadi elementi moja kwa moja. Terminali 3 ni chanya na 4 ni hasi, nazo huunganishwa na kidhibiti. Waya wa kijani na manjano, yaani wa ardhi, haupiti kwenye swichi wala fyuzi yoyote: huenda kwenye bamba la alumini, kwenye kisanduku kama ni cha chuma, na kwenye mwili wa sufuria. Soketi ilindwe na RCD, yaani swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Kama nyumba haina, mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, aifunge kwanza.

Kihisi joto cha aina ya Pt100, kinachokipelekea kidhibiti kipimo cha joto, huwa na nyaya tatu, mbili za rangi moja. Pima kwa mita: kati ya zile mbili utaona karibu omu sifuri, na kati ya mojawapo na ule wa tatu utaona omu 111 hivi, ikiwa chumba kina nyuzi 28.

Jaribio la kwanza lifanywe kwa balbu ya uzi ya wati 60 badala ya elementi. Balbu ya LED itakudanganya, kwani ule umeme unaovuja huweza kuifanya imulike kidogo, na mita isiyo na mzigo nayo itaonyesha volti zilezile kana kwamba SSR haizimiki. Baadaye unganisha elementi, jaza maji, kwa sababu elementi ikiwaka nje ya maji huungua mara moja, kisha uache kidhibiti kijirekebishe chenyewe (auto-tune) kwenye nyuzi 67. Kukihakiki ni rahisi kwetu tulio usawa wa bahari: maji yanayochemka yasomeke 100, ilhali Nairobi yangesomeka karibu na 95.

Baada ya pishi la kwanza, chomoa plagi na ukaze skrubu zote upya, kwani shaba ikipata moto hulegea. Anayetumia maji ya kisima, ambayo kwenye mwamba wetu wa matumbawe huwa na chokaa nyingi, aitazame elementi kila baada ya mapishi machache na kuiloweka kwenye siki ikishaanza kuwa nyeupe.